Lochi wanaokula konokono, pamoja na kamba, katika tangi moja: mwongozo kamili

Mtu anayenunua lochi, samaki wa kufugwa kwenye tangi la kioo, ili wamwondolee konokono, huku tangini ana kamba, ameajiri mlinzi asiyejua kutofautisha mwizi na mtoto wa mwenye nyumba. Kwa lochi, konokono, yai la konokono na mtoto wa kamba ni kitu kimoja: chakula laini kilicho karibu na mchanga. Ndivyo alivyoumbwa. Mdomo wake umechongoka na kuelekea chini, una ndevu fupi za kupapasia, na kooni ana meno ya kusagia. Humfuata konokono mlangoni mwa gamba lake, akamfyonza, akaliacha gamba tupu.

Hata hivyo lochi na kamba wanaweza kukaa pamoja. Nimewafuga hivyo kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam, baada ya kukosea vibaya mara ya kwanza. Nilinunua lochi wanne wa aina ya yoyo, kila mmoja urefu wa kidole kidogo, na muuzaji akanihakikishia hawagusi kamba. Wiki za mwanzo hawakuwagusa kweli, kwa sababu walikuwa bado wanakula konokono. Konokono walipokwisha, kamba wakaanza kupungua, hadi usiku mmoja nilipomulika tochi nikawakuta wawili tu, wamejibana nyuma ya filta, yaani kichujio cha maji. Kilichonifundisha ni kwamba kamba hawaokolewi na upole wa lochi. Wanaokolewa na mpangilio: nani ameingia kwanza, amekuta nini, na mgeni ni wa ukubwa gani. Kamba wawe wenyeji, lochi wawe wageni. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Kwa wasomaji wa Pwani, kamba ninaowazungumzia si wale wa baharini wanaoishia kwenye sufuria. Ni wa maji baridi, wadogo kama uduvi, wengi wana sentimita 2 hadi 3 tu.

Kwanza, hakikisha unahitaji lochi

Konokono wakijaa kwenye kioo, maana yake ni moja: unamwaga chakula kingi kuliko kinacholiwa. Wale wa kawaida, Physella acuta, wana jinsia zote mbili katika mwili mmoja, hivyo hata mmoja aliyejificha kwenye jani anaweza kuanzisha ukoo. Wale wenye gamba refu la pia, Melanoides tuberculata, huzaa watoto hai bila dume na hushinda wamejizika mchangani. Wote wawili huzaa kwa kadiri ya chakula walichokipata.

Kwa hiyo kabla ya kutumia pesa, punguza chakula nusu kwa wiki tatu. Kila jioni tumbukiza kipande cha tango kilichofungwa kwenye kijiwe. Alfajiri kitoe na konokono walioning'inia. Tangi nyingi hutulia kwa njia hii pekee. Ikiwa bado unataka mla konokono na kamba ndio unaowapenda zaidi, mchukue konokono muuaji, Anentome helena, wawili au watatu. Huyu huwinda konokono wenzake polepole na kamba mzima hamshughulishi.

Lochi mfuge kwa sababu unampenda lochi mwenyewe, kwa vile kumpenda ni rahisi. Hutembea kwa makundi kama watoto waliotoka shule, hulala ubavu hadi mgeni adhani amekufa, na akifurahia chakula hutoa mlio wa kugonga unaosikika hata nje ya kioo. Lakini anaishi miaka mingi, na konokono wako watamtosha kwa mwezi mmoja au miwili.

Jambo jingine kwa wakaaji wa ukanda wetu. Usichote konokono wala majani ya maji kutoka ziwani, mtoni au kwenye mfereji wa mpunga. Konokono wa Biomphalaria na Bulinus, wanaobeba kichocho, wamejaa katika maji yetu, na Biomphalaria mwenye gamba bapa lililojiviringisha anafanana sana na konokono bapa wanaouzwa madukani. Vimelea vyake hutoka kwa konokono na kuogelea majini vikitafuta ngozi ya mtu. Mkono wako ndani ya tangi unatosha.

Chagua lochi kwa ukubwa wa mdomo atakapokuwa mzee

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu dukani lochi wote wana sentimita 4.

Lochi mnyororo, Ambastaia sidthimunki, ndiye ninayempendekeza. Ni wa Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Thailand, na alipewa jina la kisayansi mwaka 1959. Hukomea sentimita 5 hadi 6, hutembea mchana, na mdomo wake hauwezi kumshughulikia kamba mzima kwa urahisi. Porini amebaki kidogo, na IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe na mazingira, imemweka katika kundi la samaki walio hatarini kutoweka. Wanaouzwa siku hizi wengi wamezalishwa kwenye mashamba ya samaki, na bei yao iko juu. Lipa. Lochi wa bei rahisi atakugharimu kamba.

Lochi pundamilia, Botia striata, ni wa milima ya Ghats Magharibi nchini India, naye pia yumo hatarini. Hufika sentimita 8 au 9. Ni mpole kwa samaki wenzake, ila ana nguvu ya kutosha kumla kamba mdogo na kumsumbua aliyejivua gamba. Nimeona anafaa pamoja na kamba wakubwa wa Amano, Caridina multidentata, wanaofika sentimita 5. Kwa kamba wekundu ni bahati nasibu.

Yoyo, Botia almorhae, ambaye mistari ya ubavuni mwake huonekana kama herufi Y na O, hupita sentimita 12. Ni mchangamfu, mdadisi na mla kamba. Lochi klauni, Chromobotia macracanthus wa Sumatra na Borneo, yule wa rangi ya machungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, ndiye anayependwa na watoto na ndiye anayeuzwa zaidi. Hufika sentimita 30 na huishi zaidi ya miaka 20. Hafai tangi la sebuleni la kawaida, achilia mbali tangi la kamba.

Usichanganywe na kuhli, Pangio kuhlii, aliye mwembamba kama mkunga mdogo. Naye huitwa lochi na hukaa vizuri na kamba, lakini si mtu wa konokono. Ukimnunua kwa kazi hiyo, konokono wako wataendelea na maisha yao.

Kwa upande wa kamba, anza na wekundu wa cheri, Neocaridina davidi. Ni wagumu na huzaa humohumo kwenye maji baridi. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu au nne, kisha hutoka watoto wa milimita 2 walio nakala kamili ya wazazi. Kuzaa huku ndiko kunakofidia wanaoliwa. Amano ni salama zaidi mbele ya lochi, ila watoto wake wanahitaji maji ya chumvi ili wakue, hivyo akipotea amepotea.

Tangi lenyewe

Urefu una maana kuliko kina. Mwombe fundi wa vioo akutengenezee tangi la sentimita 90 kwa 35 kwa 35. Hilo linabeba kama lita 110 na linawatosha lochi mnyororo sita na koloni la kamba, yaani kundi linalozaana. Chini ya sita usiwaweke. Lochi wachache hukosa amani, hukimbizana, na hasira hiyo huwaangukia kamba. Liweke kwenye meza imara, kwa sababu maji peke yake yatazidi kilo 100, na liwe na mfuniko usio na mwanya. Lochi huruka.

Mchanga uwe laini, wa mtoni, uliooshwa hadi maji yatoke meupe. Wa baharini una chumvi na vipande vya simbi vinavyopandisha ugumu wa maji, na changarawe yenye ncha hukata ndevu za lochi. Sentimita 3 zinatosha.

Sasa ligawe tangi akilini mwako sehemu mbili, na hapa usifanye haraka. Upande mmoja ni uwanja wa lochi: mchanga wazi, vifuu vya nazi vilivyotobolewa mlango, vipande vya mianzi au bomba za plastiki ambamo lochi watano watajisukuma kwa pamoja hata ukiwawekea kumi. Upande wa pili ni mji wa kamba. Jaza mosi wa Java, mmea wa maji wenye vijani vidogo laini kama manyoya, hadi iwe kichaka kinene cha upana wa sentimita 25 kutoka mchangani hadi karibu na uso wa maji. Chini yake panga mawe madogo juu ya mawe, nyufa zikiwa nyembamba kuliko kidole chako. Kipimo changu ni penseli: ikipita, inatosha kwa kamba, kidole kikipita, lochi naye atapita. Lochi mnyororo ni mwembamba, kwa hiyo usiamini macho, pima.

Juu ya mawe tandaza majani makavu ya mkungu. Ndiyo, mkungu huuhuu wa Pwani, Terminalia catappa, ambao wafugaji wa Ulaya hununua majani yake kwenye pakiti. Okota yaliyoanguka yenyewe na kukauka hadi kuwa ya kahawia, mbali na barabara na mbali na miti iliyopuliziwa dawa. Yaoshe, yaloweke usiku mmoja, weka matatu. Baada ya siku chache yatafunikwa na utando wa viumbe wadogo mno, na utando huo ndio maziwa ya watoto wa kamba. Jani likibaki mishipa mitupu, ongeza jingine.

Filta iwe ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ukitumia filta ya mota, vika sponji kwenye mdomo wake, la sivyo itawameza watoto wengi kuliko lochi. Lochi hupenda maji yenye hewa na mkondo kidogo. Elekeza mkondo upande wao. Kwa kuwa umeme hukatika, tafuta pampu ya hewa ya betri kabla hujaihitaji.

Maji

Vipimo vinavyowafaa wote wawili ni hivi: joto nyuzi 24 hadi 26, pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 6.8 na 7.5, ugumu wa jumla nyuzi 6 hadi 10, amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti chini ya miligramu 20 kwa lita. Hizo tatu za mwisho hutokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Kamba wanahitaji madini ya ugumu huo kujengea gamba jipya. Maji malaini mno huwafanya wafe katikati ya kujivua.

Nairobi, Arusha au Iringa utahitaji hita, wati 100 kwa tangi hili. Dar, Mombasa na Zanzibar tatizo ni kinyume. Tangi langu mwezi wa Februari husoma 29 bila hita yoyote, na katika joto hilo kamba huishi muda mfupi na huzaa kwa shida, huku maji yakibeba oksijeni pungufu. Feni ndogo inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi mbili au tatu. Lakini feni hukausha maji, na yanayokauka huacha madini nyuma. Basi unapojazia pengo hilo usijazie maji ya bomba, jazia maji yasiyo na madini. Maji ya mvua yanafaa ukiyakinga moja kwa moja kwenye beseni katikati ya uwanja. Yaliyopita kwenye mabati huja na zinki, na zinki huua kamba.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima yakipigwa hewa, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya visima vya mjini karibu na bahari yapime kwanza. Vingi vina chumvi ya kutosha kuiharibu mipango yako yote.

Tangi likishajaa, liache lifanye kazi tupu kwa wiki nne hadi sita. Tupia chembe za chakula kila baada ya siku mbili ili bakteria wanaosafisha maji wapate amonia ya kula, na upime kila wiki. Ukiwa na rafiki mwenye tangi lenye afya, omba sponji yake chafu uikamulie kwenye filta yako. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri kwa wiki nzima ingawa unaendelea kutupia chakula, tangi liko tayari.

Kamba waingie, kisha ngoja

Nunua kamba 25 au 30, wakubwa kwa wadogo. Waweke na maji yao kwenye ndoo, chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, ufunge fundo, uyateremshe maji ya tangi tone mbili kwa sekunde. Maji ya ndooni yakifika mara tatu ya yalivyokuwa, baada ya saa mbili hivi, wahamishe kamba kwa kikombe na umwage yale ya dukani.

Kisha ngoja. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyonishinda mimi mara ya kwanza. Usingoje kwa kalenda, ngoja kwa dalili. Unatafuta siku utakayotazama kichaka kwa dakika tano na kuona saizi tatu kwa pamoja: majike wenye mayai, vijana wa sentimita moja, na watoto wanaoonekana kama vipande vya uzi. Kwangu huchukua miezi minne au mitano. Koloni lililofika hapo limeshajua nyufa zote za tangi. Kamba aliyezaliwa ndani ya kichaka hukaa kichakani. Kamba aliyemwagwa pamoja na lochi siku moja hukimbia hovyo kwenye uwanja wazi, na huyo haishi.

Katika kipindi hichohicho anzisha koloni la akiba. Chombo cha lita 20, sponji moja, mosi kidogo, kamba kumi. Hakuna samaki humo. Lochi wakiharibu mambo, utarudi kwenye ndoo hiyo. Na ndoo nyingine isiyo na filta, iliyo dirishani na majani ya mchicha yaliyochemshwa kidogo, iwe shamba lako la konokono. Ndiyo, sasa utawafuga wale uliotaka kuwaondoa.

Katika miezi hiyo jihadhari na sumu za nyumbani, maana kamba ni ndugu wa wadudu na kinachoua mdudu kinamuua. Dawa ya mbu ya kupuliza ndiyo adui wa kwanza. Ukipuliza chumbani pampu ya hewa huivuta na kuizamisha majini. Hamisha upuliziaji chumba kingine, au zima pampu na ufunike tangi hadi hewa isafike. Usikate kipande cha chandarua chenye dawa kutengenezea wavu mdogo wa kuvulia au kichujio. Mboga za sokoni zimenye au uzioshe sana. Na dawa yoyote yenye shaba, iwe ya konokono au ya samaki, isiingie tangini hata tone.

Majani mapya ya dukani yaloweke kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, usiku kucha. Kama yamebeba mayai ya konokono, siku mbili au tatu. Yasuuze sana kabla ya kuyapanda.

Lochi: dukani, karantini, na usiku wa kuingia

Dukani tazama tumbo. Lochi mzima ana tumbo la mviringo. Aliyebonyea kama kisu ana minyoo au hakulishwa muda mrefu, na kumrudisha ni kazi ngumu. Tazama ndevu ziwe kamili, na ngozi isiwe na chembe nyeupe kama chumvi. Mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Wasipokimbilia chakula, rudi nyumbani bila wao.

Usiwavue wala usikubali wavuliwe kwa wavu wenye matundu makubwa. Chini ya kila jicho lochi ana mwiba anaousimamisha akiogopa, nao hunasa kwenye nyuzi hadi umchane. Mwongoze aingie kwenye chombo cha plastiki au kwenye bomba, kisha uzibe pande zote mbili.

Karantini ni wiki nne, kwenye chombo kingine kabisa, bila kamba. Lochi hupata ugonjwa wa madoa meupe haraka kuliko samaki wengi kwa kuwa magamba yao ni madogo mno, na dawa zinazotibu madoa hayo mara nyingi huua kamba. Ukiona chembe, pandisha joto polepole hadi nyuzi 30, ongeza hewa, shikilia siku kumi hadi kumi na nne. Wakikonda ilhali wanakula, wana minyoo, watibu humohumo. Tiba yoyote imalizike kabla hawajaona tangi kubwa.

Wiki ya mwisho ya karantini wazoeshe kula chakula kinachozama, mahali palepale, saa ileile. Mimi hugonga meza mara mbili kabla ya kudondosha. Baada ya siku chache wanakuja kwa mlio, na tabia hiyo nitaihitaji baadaye.

Siku ya kuwahamisha, walishe hadi matumbo yajae. Subiri usiku uingie, zima taa ya tangi, waachilie upande wao. Acha giza hadi asubuhi. Wataamka wakiwa na nyumba za vifuu, na kamba watakuwa wamehisi ujio wao na kujikusanya mosini.

Siku za mwanzo utaona lochi wamepauka, rangi imekuwa ya kijivu, wanasukumana ubavu kwa ubavu. Wanapangana nani mkubwa. Hukoma baada ya siku kadhaa.

Kulisha ndiko kunakolinda

Lochi aliyeshiba ni mvivu wa kuwinda kwenye nyufa. Walishe mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, upande wao, asubuhi na taa zinapokaribia kuzimwa: vidonge vinavyozama, viroboto maji, minyoo mekundu ya barafu, viluwiluwi vya mbu uliowakuza mwenyewe kwenye ndoo safi. Mara mbili au tatu kwa wiki wape konokono kutoka shambani, wakubwa uwapasue gamba. Hapo utawasikia wakigonga.

Wakati lochi wako mezani, dondosha chakula cha kamba ndani ya kichaka kwa mrija: kipande cha jani la mchicha, tango lisilo na ganda, au punje ya chakula chao. Kinachobaki baada ya saa mbili kitoe. Kumbuka ni mabaki yaliyokuletea konokono.

Badilisha maji asilimia 20 kila wiki, kwa joto lilelile. Maji mengi mapya kwa ghafla huwafanya kamba wengi wajivue gamba kwa wakati mmoja, na kamba aliyejivua ni laini, hana nguvu, na anatoa harufu inayomwita lochi. Kwa siku moja au mbili anategemea nyufa zako tu. Magamba matupu yaache. Watakaoyala ni wao wenyewe, na yana madini.

Konokono wa mapambo, wale wa manjano au wenye mistari ya pundamilia, usiwaweke. Lochi watawang'ata pembe hadi wafe, hata kama wameshindwa kuwala.

Kujua kama inafanya kazi

Usihesabu kamba mchana. Saa mbili baada ya taa kuzimwa, chukua tochi, funika kioo chake kwa karatasi nyekundu, umulike kichaka kwa dakika kumi. Andika mambo mawili tu kwenye daftari: majike wenye mayai, na vijana wa kati ya nusu sentimita na moja. Watoto wa milimita 2 wasikudanganye, kwani wengi wao wataliwa na hilo ulilikubali siku uliyonunua lochi. Vijana ndio wanaoonyesha kwamba kuna waliovuka.

Ukiwaona vijana kila wiki, tangi limekaa sawa, hata kama idadi haiongezeki. Vijana wakikosekana wiki nne mfululizo huku majike wana mayai, kichaka ni chembamba: ongeza mosi, ongeza mawe, na wahamishie majike wenye mayai kwenye ndoo ya akiba hadi watoto wafikie sentimita moja, kisha uwarudishe. Majike wenye mayai nao wakipotea, tazama joto na maji kwanza kabla ya kuwashtaki lochi. Na ukikuta mizoga isiyo na macho au kamba waliokatwa miguu, mmoja wa lochi amejifunza, na atawafundisha wenzake.

Huyo lazima atoke. Gonga meza mara mbili, waje wote kula, laza chombo cha plastiki chenye chakula ndani, na uwe na subira. Watoe wote sita pamoja, kwa maana mmoja peke yake atadhoofika, uwapeleke kwa mfugaji mwenye tangi la samaki tu. Mtoni au ziwani usiwaachilie kamwe. Sangara waliomwagwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 waliwamaliza samaki wadogo wa asili wa aina nyingi, na kamba wa Louisiana walioletwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 waliyatafuna majani ya maji ya ziwa hilo.

Baada ya lochi kutoka, usiongeze kamba wa kununua. Acha kichaka wiki sita, kisha pita tena na tochi yako nyekundu. Mara nyingi walikuwamo muda wote, ndani kabisa ya mawe, wakisubiri.